Bahasha ya Kasenga: familia moja ya Katuba isiyokopa na bado inasafiri

Deni la likizo hapa Lubumbashi, mji wetu wa migodi huku Kongo (DRC), haliingii nyumbani mwezi wa saba, wakati familia inapanda gari. Linaingia mwezi wa tisa, likiwa limevaa sare ya shule. Ndiyo maana ukiwauliza watu kwa nini walikopa, wanakujibu "minervali", yaani karo ya watoto, na hakuna anayeweza kuwalaumu kwa hilo. Lakini fungua daftari lao utaona karo ilikuwepo. Ilisafiri tu.

Familia ninayoichambua hapa ilipita njia hiyo, ikaungua, ikatoka. Wanakaa Katuba, kata moja ya mji huu, nyumba ya kupanga. Nawafahamu kupitia likelemba, ule mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, kwa sababu mimi ndiye mtunza daftari wa kikundi chao. Wamekubali hesabu zao ziandikwe mradi wao wenyewe wasitajwe. Baba nitamwita Fundi, kwa kuwa anachomelea vyuma, na mkewe Mama Mwalimu, kama kartie nzima, yaani mtaa mzima, inavyomwita. Wana watoto wanne: wawili wako sekondari, wawili wako shule ya msingi ya serikali. Shule hiyo haina karo tangu Septemba 2019, serikali ilipoifuta nchi nzima, ingawa daftari, viatu na sare hakuna aliyevifuta.

Fundi ni kibarua wa mkataba kwenye kampuni ndogo inayopewa kazi na migodi. Mkataba ukiwepo, anapata dola 420 kwa mwezi. Ukikatika, anapata sifuri, au kile anachookota kwa kuchomelea milango na madirisha ya majirani. Mama Mwalimu analipwa na serikali kwa franka, kama dola 120 ukibadilisha. Mtu wa nje huenda asione shida iliyopo hapo: kodi ya nyumba na karo ya sekondari vinahesabiwa kwa dola, huku unga, makala (makaa ya kupikia) na basi vinalipwa kwa franka. Kila franka inapolegea, mshahara wa mwalimu unakonda bila mtu kuukata. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa inazunguka franka 2,800.

Kwanza deni lenyewe. Agosti 2021 kulikuwa na harusi ya binamu Kolwezi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na watoto hawakuwa wametoka mjini muda mrefu. Wakaona wafanye safari moja kwa mambo mawili, harusi na vakansi, yaani likizo. Fedha haikutosha, Fundi akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale ambao Wakongo wanawaita kwa utani "banki Lambert", akachukua dola 300 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Hesabu yake ilikuwa kulipa mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa ukaja na shule. Akalipa riba tu, dola 90, mtaji ukabaki pale pale. Akafanya hivyo kuanzia Septemba hadi Februari, mkataba ulipoisha na malipo yake ya mwisho yakafuta deni lote. Miezi sita mara 90 ni 540, ukiongeza 300 za mtaji unapata 840. Harusi ya watu ilikula miezi miwili kamili ya mshahara wa Fundi, na bado wenyewe wanasema ilikuwa harusi nzuri.

Familia nyingi zikifika hapo hufanya jambo moja: zinafuta safari kabisa. "Tumekoma." Mimi nimeona kwenye kikundi chetu kwamba kukoma kwa namna hiyo hudumu mwaka mmoja, mara chache miwili. Kisha inatokea harusi nyingine au msiba, au watoto wanamlilia nkambo, yule bibi wa kijijini, na kwa kuwa hakuna senti iliyowekwa kwa jambo hilo, mlango wa mkopeshaji unagongwa tena. Mama Mwalimu aliliona hilo mapema kuliko mimi. Alikataa kufuta safari. Alichotaka ni safari iwe na fedha yake, tarehe yake na mahali pake, ili mumewe asipate sababu ya kukopa.

Hivi ndivyo mwezi wenye mkataba ulivyogawanywa kuanzia mwaka uliofuata. Kodi ni dola 70, chakula 190, makala na umeme 35, usafiri wa mjini 40, shule 60, kanisa pamoja na ndugu 30. Jumla 425 kati ya 540 zinazoingia, zinabaki 115. Kati ya hizo, 30 zinaingia kwenye bahasha ya safari na 85 zinawekwa kando.

Hizo 85 ndizo kiini cha kisa hiki, na karibu kila familia ya watu wa mkataba inakosea hapo. Wanaziita akiba, na kitu kikiitwa akiba kinaruhusu ndoto: televisheni, viti, pikipiki ya kulipa kidogo kidogo. Fundi na mkewe waliacha kuziita akiba. Walipiga hesabu kwamba mwezi usio na mkataba unaingiza 120 za Mama Mwalimu peke yake na unadai 425, kwa hiyo unapungukiwa 305. Miezi tisa ya kuweka 85 inatoa 765, na 765 inaziba pengo la miezi miwili na nusu. Kwa uzoefu wao mkataba hukatika kati ya miezi miwili na mitatu kila mwaka. Basi 85 ni mshahara wa Fundi wa miezi iliyokufa, unalipwa mapema na Fundi mwenyewe. Hakuna ziada hapo. Mtu akishaelewa hivyo, hata shemeji akija na shida yake anajibiwa kwa upole na kwa ukweli.

Shule nayo ina ujanja wake. Kati ya dola 60 za kila mwezi, 20 zinaingia kwenye likelemba yetu: watu kumi, miezi kumi, kuanzia Novemba hadi Agosti, na kila mmoja kwa zamu yake anabeba 200. Watu wanagombania zamu za mwanzo. Mama Mwalimu aliomba ya mwisho, Agosti, na wenzake wakamshangaa. Mimi sikumshangaa. Anayebeba Novemba amekopeshwa na wenzake tisa, hata kama hakuna riba, na atatumia miezi tisa kulipa kitu alichokwisha kula. Anayebeba Agosti amewakopesha wote, na anapokea 200 zake wiki chache kabla ya kengele ya kwanza ya shule. Hatari yake ni moja, kikundi kuvunjika kabla ya zamu yako, kwa hiyo zamu ya mwisho ichukuliwe tu katika kikundi ambacho watu wake unajua hata milango ya nyumba zao. Chetu ni cha walimu wa shule moja. Hakuna pa kukimbilia.

Kwa mpango huo Septemba ilikuwa imeshatengewa fedha yake kabla ya Julai kutumika. Ndiyo maana wanaporudi safarini mikono mitupu hawaogopi.

Sasa kubana matumizi. Sitapoteza muda kwenye mambo ya kuzima taa. Katika nyumba ya huku kwetu Katanga mzigo mkubwa ni unga wa bukari, yaani ugali, na unga unapoteza watu kwa sababu mbili: unanunuliwa kwa meka, kile kipimo cha sokoni, na unanunuliwa wakati mbaya. Mahindi mapya yanaingia sokoni kuanzia Aprili na Mei mpaka Juni. Baada ya hapo bei inapanda taratibu, na kati ya Januari na Machi, mvua ikiwa imeshika na mavuno ya zamani yamekwisha, inaumiza. Familia hii ilianza kununua mahindi mazima Juni, gunia baada ya gunia, inayaweka juu ya mbao yasiguse sakafu, na kusagisha kidogo kidogo. Gunia linaliwa na wadudu usipolichungulia, kwa hiyo kazi hiyo ikapewa mtoto wa pili, naye anaifanya kwa ukali wa polisi.

Mwaka 2024 mpango wote ulipimwa. Mkataba wa Fundi ulikatika Februari, Machi na Aprili. Mwezi huo huo wa Februari Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na sehemu kubwa ya unga tunaokula huku inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka mjini. Kila mtu alijua kitakachofuata kwenye bei ya meka. Nyumba yao ilihitaji 915 kwa miezi mitatu. Kando kulikuwa na 640. Milango na madirisha ya majirani ikaleta 140. Zilizopungua, 135, zilitoka kwenye chakula na usafiri, dola 45 kila mwezi, na hilo liliwezekana kwa sababu magunia ya Juni yalikuwa bado yamesimama ndani. Walikula sombe (kisamvu), maharage na lenga-lenga (mchicha) mpaka watoto wakatunga wimbo wa kuwacheka wazazi. Nyama ilionekana Pasaka.

Bahasha ya safari ilikuwa na 150. Machi, Fundi alitaka kuifungua. Nanukuu mazungumzo yao kama nilivyosimuliwa na wote wawili, na hawakutofautiana.

"Mama, tuna njaa na tumeweka fedha ya kutembea. Watu watatucheka."

"Njaa hatuna, Baba, tuna uchovu wa sombe. Tukiila hii, mwezi wa saba utaenda kukopa. Nakujua."

Nimetafakari sana jibu hilo, na naliona sahihi kuliko ushauri mwingi ambao mimi mwenyewe ningeweza kumpa. Kwenye karatasi, 150 zilizokaa bure wakati nyumba imebana ni upuuzi. Lakini bahasha ile haikuwa inalinda starehe peke yake, ilikuwa inailinda nyumba dhidi ya mwanaume mmoja anayempenda mama yake na asiyeweza kukaa miaka miwili bila kumwona. Asingepita mwezi wa nane bila kutafuta njia, na njia aliyoijua iligharimu 840. Kama wangeishiwa kabisa unga, Mama Mwalimu anasema angeifungua siku hiyo hiyo. Hawakufika huko.

Walichofanya ni kufupisha safari. Mwanzoni walitaka kupanda hadi Kilwa, kwenye ziwa Mweru. Wakaishia Kasenga, kando ya mto Luapula, kama kilomita 200 kutoka mjini, ambako mama mzazi wa Fundi na ndugu wanakaa, na badala ya wiki mbili wakakaa siku nane. Mei na Juni, mkataba uliporudi, zikaingia 60, bahasha ikafika 210.

Uchaguzi wa Kasenga na wa Julai una akili yake. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Juni na Julai baridi inauma; bonde la Luapula liko chini zaidi, kuna joto. Barabara ni kavu, haina tope la masika. Wangengoja Noeli, wangekuta mvua, na kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi upande wa Zambia umefungwa, samaki wanapungua kule kule wanakotoka. Na samaki ndiyo sababu Kasenga inajulikana: tangu enzi za ukoloni, wakati mji wetu ukiitwa Élisabethville, wafanyabiashara wa Kigiriki walikuwa wakikusanya samaki wa Luapula pale na kuwaleta kulisha wafanyakazi wa migodi. Watoto waliambiwa hadithi hiyo na nkambo wao, ikawaingia kuliko ilivyowahi kuwaingia darasani. Waliambiwa pia wasikanyage maji, kwa sababu mto una mamba. Walioga kwenye beseni, wakilalamika.

Nauli ilikuwa viti vitano, mdogo akipakatwa, dola 10 kwa kiti, kwenda na kurudi 100. Mfuko wa unga wa kupeleka, 30. Chakula cha siku nane 30, pirogi, yaani mtumbwi, ya kuvuka kuangalia visiwa pamoja na andazi za watoto 10. Zawadi 35. Jumla 205.

Hizo 35 za zawadi ndizo nataka nikae nazo, maana hapo ndipo safari nyingi za kwetu zinapofia, na wanaotoa mashauri ya fedha hawapagusi. Mtu anayetoka Lubumbashi akifika kijijini ni tajiri, atake asitake. Anatazamiwa alete sabuni, sukari, chumvi, mafuta, kitenge cha mama, kofia ya baba mkubwa. Kisha kila jioni anakuja mtu mmoja, anakaa, anazungumza juu ya mvua, na akiondoka anasema neno dogo kuhusu dawa ya mtoto. Siku ya kuondoka wanakuja wote. Kukataa ni matusi. Kutoa kwa kila mmoja ni kurudi mjini kwa mkopo. Katika safari ya 2022 zawadi na maombi viliwala dola 110, zaidi ya nauli yenyewe.

Dawa waliipata ndani ya desturi, hawakuipiga vita. Mwezi mmoja kabla ya safari ya 2023 Fundi alimpigia simu shangazi yake mkubwa, dada wa marehemu baba yake, ambaye neno lake halijibiwi na mtu. "Shangazi, mwaka huu tunakuja na kidogo. Kila kitu nitakiweka mikononi mwako, wewe unajua nani anahitaji." Wakafika, wakamkabidhi sabuni, chumvi, mafuta na bahasha ndogo mbele ya watu, shangazi akashukuru kwa niaba ya ukoo na akagawa kwa namna yake. Aliyekuja jioni na neno dogo aliambiwa, kwa heshima, kwamba mambo yote yako kwa Shangazi. Hakuna aliyethubutu kwenda kubishana naye. Yeye naye akapata heshima yake, na nadhani hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko sabuni. Njia hii inahitaji mzee mwenye uzito na mwenye haki. Ukoo ambao mkubwa wake anajaza kwanza nyumba yake mwenyewe utavurugika, na lawama zitakurudia wewe.

Kuna kitu walijaribu 2023 na nisingependa mtu akiige. Mama Mwalimu aliona bei ya samaki wakavu Kasenga, akakumbuka bei yao soko la Kenya, kata ya hapa mjini, akaamua safari ijilipie. Alinunua mizigo mitatu. Faida ilipatikana, alinionyesha. Lakini siku zake zote ziliishia kwenye vichanja vya kukaushia na kwenye ubishi wa bei, Fundi akawa mlinzi wa magunia, na mkubwa wa watoto alisema mbele ya nkambo kwamba afadhali wangebaki Katuba. Mwaka 2024 walinunua kapu moja tu, la kula nyumbani, siku ya mwisho. Najua wapo watakaosema fedha ilikataliwa hapo. Ni kweli. Ila safari ikigeuka duka, mwakani watoto hawatataka kwenda, na mama atakuwa amechoka mara mbili.

Nisifiche ninapotofautiana nao. Baada ya kuungua 2021, Fundi aliapa hatakopa kwa yeyote, hata kwa ndugu. Februari 2023 mtoto wa tatu alishikwa na malaria kali, na fedha iliyokuwa kando haikutosha bili ya hospitali. Kaka yake alikuwa tayari kumpa 100 bila riba, bila tarehe. Fundi akakataa, akauza mashine yake ndogo ya kukatia vyuma. Mtoto akapona. Lakini kwa miezi miwili alikataa kazi za majirani kwa sababu hakuwa na mashine, na nyingine alipoinunua ilimgharimu zaidi ya aliyoiuza. Kutokopa kwa mtu wa mtaani anayetoza asilimia 30 ni busara. Kuuza chombo cha kazi ili kukwepa mkono wa kaka yako ni hofu, na hofu nayo ina bei. Mkewe anakubaliana nami, Fundi hakubali. Anasema deni halina ndugu. Tumeliacha hivyo.

Jambo lingine ambalo watu hulidharau ni siku za kawaida. Kati ya safari moja na nyingine wana Jumamosi moja kila baada ya miezi kadhaa ya kutoka hapa hapa: bustani ya wanyama ya mji, makumbusho, au ziwa Kipopo, na chakula kimebebwa kutoka nyumbani. Fedha yake inatoka kwenye 40 za usafiri. Wiki hiyo wakubwa wanatembea kwa miguu kwenda shule. Ni dola chache, na zimepunguza ile kiu inayowafanya watu wakurupuke Agosti.

Mpango unaofuata tayari uko ukutani, jikoni, kwa mwandiko wa Mama Mwalimu. Binti mkubwa anaelekea Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, na mwaka huo una michango yake juu ya karo ya kawaida. Wamekubaliana nusu ya bahasha iende huko, na safari iwe siku tatu Likasi kwa dada wa Mama Mwalimu, kilomita 120 tu. Fundi anataka nkambo aletwe mjini badala ya wao kwenda, akisema nauli ya mtu mmoja ni ndogo kuliko ya watano. Mama Mwalimu anamuuliza nkambo atakaa wiki ngapi, na atasindikizwa na nani. Mara ya mwisho nilipopita kwao kukusanya dola 20 za likelemba, walikuwa bado wanabishana, na shangazi wa Kasenga alikuwa ameshapigiwa simu na pande zote mbili.